Basi la saa kumi na mbili: uchambuzi wa kisa cha tiketi za mtandaoni

Jina la kampuni, njia ya basi, stendi na majina ya watu vimeondolewa. Mfuatano wa mambo na makosa yenyewe nimeviacha kama vilivyokuwa, yakiwemo yale yanayonitia aibu.

## Usuli

Mwaka 2019 tulikuwa vijana watatu. Kampuni moja ya mabasi ya mikoani hapa Tanzania ilitupa kazi: abiria akate tiketi akiwa nyumbani, achague siti kwenye mchoro wa basi, alipe kwa simu, apate namba ya tiketi kwa SMS. Kabla ya hapo kazi yote ilikuwa kwa mawakala wenye vitabu vya tiketi na mchoro wa siti uliofutwa na kuandikwa upya mpaka karatasi inatoboka. Tarehe ya mwisho haikuwa na mjadala: iwe hewani kabla ya Desemba. Aliyewahi kutafuta siti ya kwenda Moshi wiki ya Krismasi hahitaji kuelezwa kwa nini.

Mchoro wa siti ndio uliokuwa fahari yetu. Siti ya kijani iko wazi, nyekundu imeshachukuliwa. Ukiigusa ya kijani inageuka njano, na saa ndogo pembeni inaanza kuhesabu dakika kumi kurudi nyuma. Ukurasa unaiuliza seva, kompyuta kuu ya mfumo, kila mara nani kachukua siti gani. Yote hayo ni JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari (programu ya kufungulia kurasa za mtandao, kama Chrome), na tuliiandika kwa Kiswahili cha vijana, ukipenda: mishale `=>` iliyoingia kwenye lugha mwaka 2015, `async` na `await` za 2017 za kusubiri majibu, `fetch` ya kuzungumza na seva. Msimbo ulikuwa mfupi na unasomeka vizuri.

Tuliujaribu kwenye laptop mbili zenye Chrome mpya na kwenye simu zetu wenyewe, zote Android, zote mpyampya. Hapo tu. Hatukuwa wavivu; tulijaribu kwa siku nyingi na kwa umakini, ila tulikuwa tunajaribu kitu kimoja mara nyingi.

Kwa ambaye hii si kazi yake, jambo moja la msingi. Brendan Eich aliandika JavaScript mwaka 1995 akiwa Netscape, kwa siku kumi hivi. Mwaka uliofuata Microsoft wakatia ya kwao ndani ya Internet Explorer 3 wakaiita JScript, na 1997 ndipo kikatoka kiwango cha pamoja, ECMAScript. Tangu hapo kitabu cha sheria ni kimoja lakini wasomaji ni wengi: Chrome ina injini yake ya kuisoma na kuiendesha JavaScript, Firefox yake, Safari yake, na kila mmoja huzipokea sura mpya za kitabu kwa wakati wake. Isitoshe, simu iliyoacha kupata matoleo mapya inabaki na sura ilizokuwa imefikia siku ile.

## Kilichotokea

### Skrini nyeupe

Siku ya pili baada ya kufungua, simu ya ofisi ya kampuni ikaanza kulia. Malalamiko yote yalikuwa na sura moja: "Nafungua, inakuja nyeupe." Wengine waliona kichwa cha ukurasa na nembo ya basi, chini yake pako tupu.

Tukakimbilia kwenye kumbukumbu za makosa. Tulikuwa tumeweka mtego mzuri: kosa lolote la JavaScript kwenye simu ya abiria lilipaswa kutumwa kwenye seva yetu. Mtego ulikuwa mtupu kabisa. Tukaiambia kampuni, kwa kujiamini, kwamba mfumo hauna tatizo, huenda ni mtandao wa abiria au bando limekata.

Ilibidi mmoja wetu aende stendi, akae na wakala, amwombe abiria mmoja amwazime simu kwa dakika tano. Ilikuwa Android 4.4, kivinjari ni kile kilichokuja nacho. Akaiunganisha na laptop kwa waya, na jibu likaja kwa mstari mmoja: kosa la sarufi, kwenye mshale wa kwanza kabisa.

Hapa ndipo wengi hukosea kuielewa JavaScript. Kivinjari kikikutana na neno la sarufi kisilolijua, hakiruki mstari huo kikaendelea. Kinalikataa faili zima kabla ya kuendesha hata herufi moja. Na ule mtego wetu wa makosa ulikuwa wapi? Ndani ya faili hilohilo. Mlinzi alikuwa amefungiwa chumba kimoja na mgonjwa.

### "Tafadhali tumia Chrome"

Uamuzi wa kwanza tuliufanya usiku, tukiwa tumechoka, na ulikuwa mbaya. Tukaweka bango juu ya ukurasa: kama kivinjari si Chrome, mwambie abiria atumie Chrome. Tuliitambua kwa kutafuta neno "Chrome" kwenye maneno ambayo kila kivinjari hujitambulishia kwa seva.

Maneno hayo ni kama pasipoti ya mtu aliyeishi nchi nyingi. Karibu kila kivinjari leo huanza kwa kudai ni "Mozilla/5.0", kwa sababu za zamani ambazo hakuna anayethubutu kuzigusa. Chrome ya Android husema pia kwamba ni Safari. Na Chrome ya iPhone, ambayo kwa masharti ya Apple ya wakati ule ilipaswa kutumia injini ileile ya Safari, hujiita "CriOS", haitaji neno "Chrome" popote. Kwa hiyo abiria mwenye iPhone aliyefungua kwa Chrome alikuwa anaambiwa, kwa herufi kubwa nyekundu, atumie Chrome. Mmoja alituma picha ya skrini kwa ofisi ya kampuni na neno moja tu chini yake: "Ipi?"

Bango halikuwafaa hata wale wa Android. Wengi walikuwa nayo Chrome, ila ya zamani. Kuisasisha kunataka bando na nafasi kwenye simu, na simu yenyewe imejaa picha za watoto na video za harusi. Kumwambia mtu apakue MB kadhaa ili akulipe nauli yake ni kumpeleka kwa wakala, na ndiko walikokwenda.

### Tafsiri na viraka

Tukaling'oa bango, tukafanya kilichopaswa kufanywa mwanzoni. Babel ni programu inayotafsiri JavaScript mpya kuwa ya zamani: mshale unageuzwa kuwa `function` ya kawaida, `async` inageuzwa kuwa kitu kirefu kisichosomeka lakini kinachofanya kazi. Tukaiendesha, tukapeleka, tukarudi stendi tukiwa na uhakika.

Skrini bado nyeupe. Safari hii kosa lilikuwa jingine: `fetch` haipo, `Promise` ya kusubiri majibu haipo. Babel hutafsiri sarufi tu. Haibuni vitu ambavyo kivinjari hakina. Anayekufasiria maneno ya mapishi ya Kihindi hakuletei na viungo vyake. Tukaongeza viraka, yaani faili zinazojenga kwa JavaScript ya zamani kile kilichokosekana, na mchoro wa siti ukafunguka kwenye Android 4.4. Faili lilinenepa, na kwenye 3G lilichukua muda wa kutosha mtu kumaliza kumsalimia jirani. Lakini lilifunguka.

Kumbuka hatua hii. Kwa kuifanya tulizifungulia mlango simu nyingi za zamani ambazo mpaka juzi zilikuwa zinaishia kwenye skrini nyeupe, zikiwemo za aina ambayo hatukuwa tumeifikiria.

### Saa NaN

Wenye iPhone sasa waliona mchoro wa siti bila shida, ila penye muda wa kuondoka paliandikwa "Saa NaN:NaN". NaN ni kifupi cha "Not a Number", JavaScript ikisema kilichopatikana si namba. Hilo tulilimaliza kwa robo saa, na robo saa hiyo ndiyo iliyotugharimu kuliko yote.

Seva ilikuwa inatuma muda wa basi hivi:

`2019-12-14 06:00:00`

Kwenye kivinjari tulikuwa tunaugeuza kuwa tarehe kwa `new Date(...)`, kisha tunaubadilisha kuwa saa ya Kiswahili: ongeza sita, toa kumi na mbili ikizidi, andika asubuhi, mchana au usiku. Chrome iliisoma bila kunung'unika. Safari iliikataa, na ilikuwa na haki: kiwango hakisemi kivinjari kifanye nini kikikuta nafasi kati ya tarehe na saa. Kinachotambuliwa ni herufi T:

`2019-12-14T06:00:00`

Tukaibadilisha nafasi kuwa T. NaN ikatoweka. Tukaijaribu kwenye iPhone ya dada wa mhasibu, iliyokuwa mpya kiasi, ikaonyesha "saa 12:00 asubuhi" sawasawa. Tukafunga lile tatizo, tukanywa chai.

### Mama aliyechelewa

Siku chache baadaye mama mmoja alifika stendi saa mbili na nusu asubuhi, na begi na mfuko wa zawadi, kupanda basi lililoondoka saa kumi na mbili. Alikuwa ametulia. Kwa hesabu yake alikuwa amewahi nusu saa.

Wakala, ambaye baadaye alitusimulia bila kuficha, alimwambia: "Mama, pole. Umesoma saa za Kizungu ukazichanganya."

"Mwanangu, saa najua kusoma. Imeandikwa saa tatu."

"Basi ni saa kumi na mbili, mama. Hata kwenye kompyuta hapa ni kumi na mbili."

Akageuza skrini ya kompyuta yake amwonyeshe. Kweli, kumi na mbili. Waliokuwa karibu nao wakatoa ushauri, kama ilivyo desturi ya stendi. SMS aliyoipata haikuwa na saa. Tulikuwa tumeiondoa ili ujumbe utoshe kwenye herufi 160 za SMS moja. Kampuni ikampa siti kwenye basi la kesho yake bila kumtoza tena, kwa huruma tu, na taarifa iliyotufikia ilisema "abiria alichanganya saa". Tukaipokea hivyohivyo.

Tuliipokea kwa sababu inaaminika. Nani hapa hajawahi kuchanganya? Tiketi inaandika 06:00, mtu anasoma saa sita. Mgeni anaambiwa saa nne, anakuja alasiri. Kosa hilo tumelizoea kiasi kwamba likijitokeza hatulichunguzi, tunalisamehe. Kama lingekuwa "Saa NaN" tena, tungeamka usiku.

Aliyeshtuka ni mdogo wetu kwenye timu, siku mbili baadaye, wakati tunapitia orodha ya malalamiko. Alikaa kimya kidogo halafu akasema, "Kaka, hesabu haikubali. Angekuwa amechanganya saa, tofauti ingekuwa sita. Hapa ni tatu."

Tatu. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya saa ya Greenwich.

Tulimpigia yule mama kupitia kwa wakala. Simu yake ilikuwa iPhone 4s, aliyoachiwa na binti yake, na simu hiyo haipandi zaidi ya toleo la 9 la iOS, mfumo wa iPhone. Fundi mmoja wa Kariakoo alikuwa na ya namna hiyo kwenye sanduku la mtumba. Tukaiwasha, tukafungua ukurasa, na pale mezani ikatuandikia kwa utulivu kabisa: saa 3:00 asubuhi.

Sababu iko kwenye kitabu cha sheria chenyewe. Toleo la ECMAScript la 2009 lilisema kwamba muda ulioandikwa kwa T bila kutaja ukanda wa saa uhesabiwe kuwa ni wa Greenwich. Toleo la 2015 likageuza: uhesabiwe kuwa ni wa mahali simu ilipo. Chrome zetu zilifuata sheria mpya. Safari ya ile simu ilikuwa bado kwenye ile ya zamani, kwa hiyo 06:00 yetu iliichukua kuwa ya Greenwich, ikaongeza tatu kuileta Afrika Mashariki, na ile hesabu yetu ya saa ya Kiswahili ikaipamba vizuri: saa tatu asubuhi. Hakuna kosa lililoandikwa mahali popote. Mtego wetu, ambao sasa ulikuwa unafanya kazi, haukuwa na cha kunasa.

Na mlolongo wenyewe ndio unaouma. Kabla ya Babel, simu ya mama huyu ingeona skrini nyeupe na angekwenda kwa wakala. Baada ya Babel lakini kabla ya T, ingeona NaN na angepiga simu kuuliza. Marekebisho yetu mawili, kila moja sahihi likitazamwa peke yake, yaligeuza kosa linalopiga kelele kuwa kosa linalonong'ona uongo.

### Mengine ya wiki ileile

Kitufe cha "Lipa" tulikuwa tunakizima mara abiria anapokibonyeza, asilipe mara mbili. Kwenye iPhone, akirudi nyuma, Safari haiupakui ukurasa upya. Inautoa ulivyokuwa kwenye kumbukumbu, kitufe kimezimwa vilevile na siti za dakika tano zilizopita bado za kijani. Dawa yake ni kusikiliza tukio la `pageshow` na kuuliza kama ukurasa umetoka kumbukumbu. Ikiwa ndiyo, chora upya.

Opera Mini, kivinjari cha kubana data, ilitupa somo lake. Kwenye simu za vitufe, na kwenye Android ikiwekwa katika hali ya kubana data kabisa, ukurasa hufunguliwa kwenye seva za Opera, JavaScript ikaendeshwa hukohuko kwa muda mfupi, na abiria akaletewa matokeo yaliyobanwa. Saa yetu ya kuhesabu dakika kumi ilikuwa inasimama palepale ilipopigwa picha. Abiria anaona bado ana dakika kumi, anakwenda kutafuta salio, anarudi, siti imeshauzwa.

Na kuna wakala mmoja mwenye kompyuta ya Windows XP, ambayo Chrome yake ya mwisho ni 49, ya 2016. Alilalamika kwamba orodha ya abiria inavurugika: akiipanga kwa kituo cha kupandia, namba za siti ndani ya kila kituo zinachanganyika. Sisi hatukuiona kamwe. Injini ya Chrome, kabla ya toleo la 70, ilipanga orodha fupi za vitu kumi au pungufu kwa njia inayohifadhi mpangilio wa awali, na orodha ndefu kwa njia isiyouhifadhi. Basi letu la majaribio lilikuwa na abiria wanane.

## Maamuzi na sababu zake

Baada ya kisa cha mama yule tulikaa chini tukagawanya kazi upya. Mpaka hapo tulikuwa tunatibu malalamiko kwa wingi wake: lililoletwa na watu wengi linatangulia. Tukauliza swali jingine. Kosa hili likitokea, abiria atajua kwamba limetokea?

Jambo la kwanza tukaiondoa tarehe mikononi mwa kivinjari. Seva ikawa inatuma maneno yaliyokwisha kuandikwa, "saa 12:00 asubuhi", na kivinjari kazi yake ni kuyaonyesha tu. Basi linaondoka Tanzania na abiria anapandia Tanzania. Hakuna sababu ya simu yake kufanya hesabu ya kanda za saa. Tulibishana hapa. Mwenzetu mmoja alitaka tutume muda wenye `+03:00` mwishoni, ambayo vivinjari vyote tulivyokuwa navyo vilisoma sawa, ili ukurasa uweze kuhesabu muda uliobaki. Hoja yake ilikuwa nzuri kiufundi. Tulimshinda kwa kura mbili kwa moja, na SMS ikarudishiwa saa.

Nikiwa hapa niseme na hili, kwa kuwa linafanana: tarehe tupu kama `2019-12-14`, bila saa, mpaka leo kiwango kinaihesabu kuwa ya Greenwich. Sisi tulio mashariki hatuoni madhara, inageuka tu kuwa saa tisa usiku ya siku ileile. Ndugu yako aliye Marekani akifungua ukurasa huohuo ataona tarehe ya jana. Programu ikijaribiwa Dar es Salaam pekee, kosa hilo halionekani.

Jambo la pili, mtego wa makosa tukautoa ndani ya faili kubwa, tukauandika kwa mistari michache ya JavaScript ya kizamani kabisa, tukauweka juu ya ukurasa kabla ya kitu kingine chochote. Siku uliyoanza kufanya kazi tulipata makosa mengi kwa saa moja kuliko wiki zote za nyuma, na tulifurahi kama watu waliopata mshahara.

Jambo la tatu ndilo lililochukua muda. Tuliujenga ukurasa wa siti upya kuanzia chini, kwa fomu ya kawaida ya HTML, lugha ya msingi ya kurasa za mtandao: kila siti ni kitufe cha duara cha kuchagua, chini kuna "Endelea", na seva inafanya kazi yote. Ukiwa na JavaScript inayofaa, fomu hiyo inavishwa mchoro na rangi. Usipokuwa nayo, unapata orodha ya siti isiyopendeza lakini inayokata tiketi. Meneja wa kampuni alipoiona orodha hiyo alikunja uso. Tulimpa simu ya Android 4.4 mkononi, akakata tiketi mwenyewe, akairudisha bila neno.

Ile saa ya kuhesabu kurudi nyuma tuliifuta. Badala yake: "Siti hii imeshikwa kwa ajili yako hadi saa 4:25 asubuhi." Sentensi haihitaji kuendeshwa na kitu chochote, na hata Opera Mini haiwezi kuigandisha.

Mwisho, tulinunua simu. Kariakoo, za mtumba, zenye nyufa, ile 4s ikiwemo. Kwa iPhone kulikuwa na kikwazo: kuichungulia Safari yake kwa waya kwa zana za Apple zenyewe kunahitaji kompyuta ya Mac, nasi hatukuwa nayo. Tuliazima kila Ijumaa.

## Matokeo

Malalamiko ya skrini nyeupe yaliisha kabla ya wiki ya Krismasi. Hakuna abiria mwingine aliyepewa saa ya uongo, kwa tunavyojua, na "kwa tunavyojua" naiandika kwa makusudi, kwa kuwa yule wa kwanza pia tulimjua kwa bahati. Wakala wa Windows XP alipata orodha iliyonyooka baada ya sisi kupanga kwa vigezo viwili wazi, kituo kisha siti, badala ya kutegemea tabia ya injini.

Opera Mini hatukuimaliza. Mchoro wa siti haukuwahi kufanya kazi pale, wanapata fomu. Na kwenye simu zenye kumbukumbu ndogo, abiria akitoka kwenda menyu ya malipo, Android huuondoa ukurasa wetu, na akirudi anaanzia mwanzo. Tulipunguza maumivu kwa kuiweka siti aliyoishika kwenye seva na kumtumia kiungo cha kurudia kwa SMS, lakini wapo waliokata tamaa kabla SMS haijafika.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri zaidi kilikuwa kazi ya miguu: kwenda stendi na kuazima simu ya mtu. Kila kosa kubwa tulilipata hivyo au kupitia kwa mtu aliyekuwa pale. Takwimu za vivinjari tulizokuwa tunazisoma zilihesabiwa na JavaScript yetu wenyewe, maana yake simu zilizoshindwa kuiendesha hazikuhesabiwa kabisa. Tulitazama orodha isiyo na wagonjwa tukasema kijiji kizima kina afya.

Kujenga upya kwa fomu ya kawaida kulikuwa uamuzi sahihi uliochelewa. Kama tungeanzia hapo, Novemba, tusingehitaji nusu ya viraka, kwa sababu simu dhaifu zisingelazimishwa kuvivaa. Babel na viraka havikuwa kosa, ila tulivitumia kana kwamba lengo ni kila simu ifanane na ya kwetu.

Marekebisho ya T bado naona ndiyo sehemu ya kufundishia. Tulirekebisha dalili bila kujua sababu: tuliona NaN ikiondoka, hatukuuliza Safari inaisoma T kwa sheria ipi. Dakika kumi za kusoma kiwango zingetuonyesha kwamba muda usio na ukanda ulishabadilishwa maana kati ya 2009 na 2015, na kwamba mahali penye mabadiliko ya namna hiyo lazima kuwe na simu zilizobaki upande wa pili. Tena tuliijaribu kwenye iPhone moja tukaandika "iPhone: sawa", kana kwamba iPhone ni moja.

Kuhusu wakala, kuna waliotaka tumlaumu kwa kumkatia mama maneno. Sikubaliani. Alitazama kompyuta yake, ikasema kumi na mbili. Mfumo wetu ulimpa ushahidi dhidi ya abiria anayesema kweli. Tulichobadilisha ni fomu ya malalamiko ya mawakala: sasa ina nafasi mbili, abiria aliona nini na wewe unaona nini, na chini yake aina ya simu. Nafasi ya "sababu" tuliifuta, kwa kuwa ndimo lilimoandikwa neno "alichanganya" lililotulaza siku mbili.

Ile hoja ya `+03:00` haijafa. Mwaka uliofuata kampuni ilitaka abiria aone basi limebakiza muda gani kufika, na hilo haliwezekani kwa maneno matupu kutoka seva. Tukairudisha tarehe kwenye kivinjari, safari hii ukanda ukiwa umeandikwa, na mwenzetu hakusema "niliwaambia", alitucheka tu. Iliporudi, simu ya kwanza iliyotolewa kwenye droo kuijaribu ilikuwa ile 4s.